Dawa ya Maumivu na Njia ya Mwese

Mwese iko juu, kwenye milima yenye ubaridi kati ya mji wa Mpanda na Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Watongwe. Miaka ya 1960 waliletwa huko Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao na kupitia Kongo, wengi wao wafugaji. Kazi iligawanywa kwa watatu: serikali ilitoa ardhi, UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ikatafuta fedha, na TCRS, shirika la kuhudumia wakimbizi lililoundwa mwaka 1964 chini ya umoja wa Walutheri duniani, likashika jembe. Mtindo huohuo ulitumika baadaye kwa Warundi wa Katumba na Mishamo, wilaya ileile ya Mpanda. Mwaka 1980 Wanyarwanda waliokuwa nchini walifunguliwa mlango wa uraia.

Makazi ya namna hiyo yalipangwa kwa kuhesabu mashamba, shule, maji na zahanati. Zahanati ilikusudiwa malaria, kuhara, chanjo na uzazi. Saratani haikuwa ugonjwa wa zahanati, wala haikuwa ugonjwa wa hospitali ya wilaya. Ulikuwa ugonjwa wa Dar es Salaam.

Na hata Dar es Salaam ulichelewa kupata nyumba. Jengo jeupe la pwani ambalo leo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road lilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, kwa ajili ya Wazungu. Robert Koch, bingwa wa vijidudu, alikuwa mjini humo mwaka 1897 akichunguza malaria. Mwaka 1980, mwaka uleule wa uraia wa watu wa Mwese, kitengo cha mionzi cha Muhimbili kilianza kazi hapo kikiitwa Faraja. Sijui jina lipi lingefaa zaidi. Mwaka 1996 Bunge likaifanya taasisi inayojitegemea. (Barabara iliyoipa jina sasa inaitwa Barack Obama, lakini wagonjwa bado wanasema wanakwenda Ocean Road.)

Kutoka Katavi, mkoa wenye Mwese na Mpanda, hadi hapo ni zaidi ya kilomita elfu moja. Kuna reli: tawi la Mpanda, lililojengwa kwa sababu ya madini ya risasi, linaungana na Reli ya Kati pale Kaliua, kisha Tabora, kisha siku nyingine ya kukaa kitini. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, akifika mwisho wa njia hiyo mara nyingi ugonjwa umeshasambaa. Daktari anaweza kupunguza uvimbe na kuzuia damu kwa mionzi. Kuponya ni jambo jingine. Kisha anaruhusiwa, na hapo ndipo hadithi ya maumivu inapoanza, maana anarudi alikotoka.

Tiba ya mtu wa namna hii, ya kutuliza maumivu na si ya kuponya, ina jina zuri kwa Kiswahili: tiba shufaa. Neno limeazimwa kwenye dini. Shufaa ni maombezi, kumsemea mtu mbele ya mwenye uwezo. Uingereza, daktari Cicely Saunders alifungua hospisi yake, nyumba ya tiba hiyo, ya St Christopher's mwaka 1967. Nairobi ilipata hospisi mwaka 1990. Kampala ikafuata mwaka 1993, pale daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda akiwa na silaha moja ya bei nafuu: unga wa mofini, dawa ya maumivu makali, uliokorogwa kwa maji, ukatiwa dawa ya kuuzuia usiharibike na rangi ya kutofautisha nguvu. Wa kijani ndio mwepesi. Mgonjwa hunywa kila baada ya saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo, kwani mofini hufunga tumbo. Hakuna sindano, hakuna kulazwa. Chupa inakaa mvunguni mwa kitanda.

Tanzania ilianza na makanisa. Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianzisha hospisi mwaka 1999, na Muheza ikafuata mwaka 2001, wakati UKIMWI ulipokuwa umejaza nyumba kwa wagonjwa ambao hospitali haikuwa na cha kuwapa. Wauguzi walitoka kwenda kwa wagonjwa. Mtandao uleule wa Walutheri ambao miaka thelathini na mitano nyuma ulipanga mashamba ya Mwese sasa ulikuwa unapanga ziara za wanaokufa. Mwaka 2004 jumuiya ya tiba shufaa ya Afrika, APCA, ilizinduliwa Arusha.

Mofini yenyewe ilibaki na mlango mwembamba. Kwa miaka mingi unga uliingia nchini kupitia Ocean Road, na hospitali za mikoani zilitegemea hapo.

APCA ilitoa pia kipimo cha maumivu na hali ya mgonjwa kinachotumiwa Afrika nzima: maswali kumi, yanayojibiwa kwa namba sifuri hadi tano. Asiyejua kusoma anaweza kujibu kwa vidole. Ngumi ni sifuri, kiganja kilichofunguka ni tano. Mtafiti Mamsau Ngoma wa Ocean Road na wenzake wa Tanzania na Marekani walikichukua kipimo hicho wakakiweka kwenye simu. Wagonjwa walioruhusiwa kurudi nyumbani walijibu maswali mara mbili kwa wiki, na majibu yaliwafikia wataalamu Dar es Salaam pamoja na mhudumu wa karibu na mgonjwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021.

Kwa mgonjwa wa Mwese, hilo lingebadilisha upande mmoja wa njia. Kiganja kilichofunguka kingeonekana mjini siku hiyohiyo, bila treni ya Kaliua. Upande wa pili ni chupa ya kijani, inayohitaji unga, mfamasia, mtu aliyeruhusiwa kuuandika, na gari au pikipiki ya kuupandisha mlima kutoka Mpanda.