Msikiti wa Lala Mustafa Pasha, Famagusta

Msikiti huu wa kisiwani Kupro ulijengwa na Wakatoliki, kuanzia mnamo mwaka 1300, uwe Kanisa Kuu la Mtakatifu Nikolasi, ambamo watawala wa ukoo wa Lusignan, wenye asili ya Ufaransa, walitawazwa kuwa wafalme wa Yerusalemu, mji ambao kwa kweli haukuwa tena mikononi mwao. Mbele ya mlango umesimama mkuyu, unaosemekana kupandwa ujenzi ulipoanza.

Waosmani, yaani Waturuki, walipouteka mji wa Famagusta Agosti 1571, baada ya kuuzingira kwa karibu mwaka mzima, waliondoa altare na sanamu, wakapaka kuta chokaa na kuongeza mnara mmoja wa adhana, ila dirisha kubwa la duara lenye nakshi za mawe likaachwa. Kwa kuwa kanisa lilielekea mashariki ilhali Makka iko kusini zaidi, mihrabu, yaani kishubaka kinachoonyesha kibla, iliwekwa upande wa kusini, hivyo waumini huipa ubavu sehemu ilipokuwa altare. Jina la sasa, la jemadari aliyeongoza mzingiro huo, lilitolewa mwaka 1954.