Mipaka ya majimbo ya uchaguzi Ufipa

Kasesya, kijiji cha Tanzania kinachopakana na Zambia, kimo katika jimbo la Kalambo, mojawapo ya majimbo 5 ya uchaguzi ya mkoa wa Rukwa. Mengine ni Kwela, Sumbawanga Mjini, Nkasi Kaskazini na Nkasi Kusini. Mpaka wa nchi unaopita hapo ulitokana na mkataba wa Wajerumani na Waingereza wa 1890, na tangu wakati huo umebaki karibu ulivyokuwa. Mipaka ya majimbo ni mipya zaidi, na imebadilishwa mara nyingi.

Uchaguzi wa kwanza wa wabunge Tanganyika, uliofanyika kwa awamu mbili mwaka 1958 na 1959, ulikuwa na majimbo 10 tu. Wilaya ya Ufipa, iliyojumuisha Sumbawanga, wakati huo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Magharibi, kwa hiyo mpiga kura wa Sumbawanga alichagua wawakilishi walewale na watu wa Tabora, Nzega, Kahama na Kigoma. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Mpiga kura alitakiwa kuchagua mtu mmoja kwa kila kiti, na haki ya kupiga kura ilitegemea kipato, elimu au kazi. Mkutano wa chama cha TANU uliofanyika Tabora Januari 1958 uligawanyika kuhusu utaratibu huo wa kura tatu, kisha ukaamua kushiriki. Wagombea waliotoka TANU au kuungwa mkono nayo walishinda.

Mwaka 1960 viti vya kuchaguliwa vilifikia 71 katika majimbo 50, na TANU ikapata 70. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, Tanzania Bara iligawanywa katika majimbo 107. Wagombea wawili wa TANU walishindana katika karibu kila jimbo kwa alama ya jembe na nyumba. Mpaka wa jimbo uliamua nani angeingia bungeni, lakini haukuweza kukiondolea chama tawala kiti.

Zanzibar ilikuwa na historia tofauti, na ndiko mipaka ilikoleta mzozo mkubwa zaidi. Januari 1961 viti 22 viligawanyika hivi kati ya vyama vitatu: ASP 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Serikali haikuweza kuundwa, likaongezwa jimbo la 23 na uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huohuo. Machafuko yaliyofuata yaliua watu 68. Mwaka 1963 majimbo yaliongezwa tena hadi 31. ASP ilipata takriban asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu. ZNP na ZPPP kwa pamoja zilipata 18 na kuunda serikali. Kura za ASP zilirundikana katika majimbo iliyoshinda kwa wingi mkubwa, wakati wapinzani wake walichukua majimbo mengi kwa tofauti ndogo. Serikali hiyo ilipinduliwa Januari 1964. Zanzibar inaonyesha kwamba hata bila mipaka yenye sura ya ajabu, mgawanyo wa majimbo unaweza kumnyima ushindi aliyepata kura nyingi.

Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974 kwa kuunganisha Sumbawanga, iliyokuwa wakati huo katika Mkoa wa Mbeya, na Mpanda, iliyokuwa katika Mkoa wa Tabora. Baada ya vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, Sumbawanga Vijijini ilikuwa na majimbo ya Kwela na Kalambo. Kwela inaunganisha watu wa uwanda wa juu, kama Laela, na watu wa bonde la Ziwa Rukwa walio chini ya milima ya Lyamba lya Mfipa. Kalambo inaelekea Ziwa Tanganyika na mpaka wa Zambia. Kwa uchaguzi wa 2010 wilaya ya Nkasi iligawanywa kuwa majimbo mawili. Mwaka 2012 wilaya ya Kalambo iliundwa, makao yake yakiwa Matai, ikachukua jina ambalo jimbo lilikuwa nalo kwa miaka mingi.

Sheria ya kugawa majimbo imo katika ibara ya 75 ya Katiba ya 1977. Tume ya Uchaguzi ndiyo inayoamua idadi na mipaka ya majimbo, lakini baada ya kupata kibali cha Rais. Inapaswa kuzingatia upatikanaji wa mawasiliano na hali ya kijiografia, na kuchunguza mgawanyo angalau kila baada ya miaka 10. Kwa miongozo ya Tume, idadi ya watu ni kigezo, na jimbo halipaswi kuingia katika halmashauri mbili. Kigezo hiki cha mwisho ndicho kinachoeleza sura ya majimbo ya Tanzania. Mipaka haichorwi kwa kuzunguka mitaa ya wapiga kura wa chama fulani. Hufuata mipaka ya utawala, na anayeunda halmashauri anaandaa njia ya jimbo.

Mikoa ya Rukwa na Katavi inaonyesha jinsi hilo linavyofanya kazi. Katavi ilimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Katika sensa ya mwaka huo Rukwa ilikuwa na watu 1,004,539 na Katavi 564,604. Hata hivyo, tangu uchaguzi wa 2015 kila mkoa umekuwa na majimbo 5. Katavi ina halmashauri 5, kila moja na jimbo lake. Rukwa ina halmashauri 4, na Nkasi pekee ndiyo yenye majimbo mawili. Kwa sensa hiyo, mbunge wa Katavi aliwakilisha kwa wastani watu wapatao 113,000, na wa Rukwa wapatao 201,000.

Tofauti hiyo si ushahidi wa njama ya chama. CCM ilishinda majimbo 256 kati ya 264 mwaka 2020, na kiti pekee cha jimbo kilichochukuliwa na CHADEMA mwaka huo kilikuwa Nkasi Kaskazini, jimbo lililotokana na mgawanyo wa Nkasi. Suala la wazi zaidi ni usawa wa kura. Zanzibar ina majimbo 50 katika Bunge la Muungano na ilikuwa na watu 1,889,773 mwaka 2022, yaani wastani wa chini ya 38,000 kwa jimbo. Rukwa, yenye watu 1,540,519 katika sensa hiyo, ina wastani wa zaidi ya 308,000. Tofauti hii inahusishwa na muundo wa Muungano, unaokusudia kuilinda Zanzibar dhidi ya kumezwa na Bara.

Maombi ya kugawa jimbo huanzia kwenye halmashauri, hupita kamati ya ushauri ya wilaya na ya mkoa, kisha hufika Tume. Kamati hizo huongozwa na mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa, wote wateule wa Rais. Mei 2025 Tume, iliyobadilishwa kwa sheria ya 2024 kuwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, ilitangaza majimbo mapya 8, yakiwemo Kivule na Chamazi ya Dar es Salaam, na jumla ikawa 272. Rukwa ilibaki na majimbo yake 5.

Mahakamani njia ni nyembamba. Ibara ya 74(12) inazuia mahakama kuchunguza jambo lililofanywa na Tume katika kutekeleza kazi zake. Mahakama Kuu husikiliza mashauri ya kupinga ushindi wa mbunge, lakini shauri hilo huhusu mwenendo wa uchaguzi, si mipaka. Kenya ilichagua njia nyingine: Katiba ya 2010 inaruhusu mtu kupinga mipaka Mahakama Kuu, imeweka viwango vya tofauti ya idadi ya watu, na mwaka 2012 majaji watano walisikiliza mashauri zaidi ya 100 na kurekebisha baadhi ya mipaka. Nchini Marekani, ambako gavana Elbridge Gerry wa Massachusetts alisaini mwaka 1812 mgawanyo uliokipendelea chama chake, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2019 kwamba mahakama za shirikisho haziwezi kuamua malalamiko ya upendeleo wa kichama katika mipaka, ingawa bado zinasikiliza kesi za ubaguzi wa rangi na za idadi ya watu isiyo sawa.

Kwa wakazi wa Kalambo, basi, kama wakitaka jimbo la pili, haliwezi kupatikana kwa shauri mahakamani. Ombi linapaswa kupita halmashauri yao iliyoko Matai, wilaya na mkoa hadi Tume, na mwisho wake ni kibali cha Rais.