Kichekesho
Neno kichekesho limetokana na kitenzi -cheka, ambacho hunyambuliwa katika kauli ya kutendesha kuwa -chekesha, kisha kikaongezewa kiambishi awali ki- na kiishio -o, hivyo umbo lake lenyewe linataja anachofanyiwa mtazamaji, wala halidai kwamba mhusika anafurahi. Kwa mfano, katika filamu ya Charlie Chaplin ya mwaka 1925, The Gold Rush, mtu mwenye njaa anachemsha kiatu, anazungusha kamba zake kwenye uma kama tambi na kunyonya misumari kama mifupa, kwa utulivu wa mlaji karamuni. Njaa ni kali, ila kaida ya utanzu wa kichekesho, yaani mazoea ambayo watazamaji huyatarajia, huahidi kwamba hatakufa. Futuhi, istilahi ya wahakiki wa tamthilia kwa utanzu huohuo, haina uwazi mzuri wa umbo ulio katika neno kichekesho.