Mlango wa Chuma wa Aboke

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, Uganda ikiwa ndiyo kwanza imemaliza siku ya kuadhimisha uhuru wake, waasi wa LRA, jeshi la Joseph Kony, waliivamia shule ya bweni ya wasichana ya Mtakatifu Maria iliyoko Aboke, katika nchi ya Walango, kaskazini ya Uganda, iliyokuwa chini ya uongozi wa masista wa Kikatoliki. Mlango wa bweni ulikuwa wa chuma, na madirisha yake yalikuwa na nondo. Walakini mlango ulipokataa kuvunjika, wavamizi waliugeukia ukuta, wakang'oa dirisha pamoja na fremu yake, wakaingia kwa tundu lile, na kabla ya mapambazuko walikuwa wamekwisha kuwaswaga porini wasichana 139. Ulinzi wa askari uliokuwa ukitazamiwa usiku ule haukufika.

Atakaye kujua kwa nini dunia imehangaika zaidi ya miaka mia moja kuitafutia shule himaya wakati wa vita, na aanzie katika dirisha lile.

Sharia za vita za zamani hazikuwa kimya, lakini zilisema kwa kusitasita. Kanuni za The Hague za 1907, zilipoamrisha kwamba katika kuuzingira mji na kuupiga kwa mizinga yahifadhiwe majengo ya ibada, ya sanaa, ya sayansi na ya sadaka, pamoja na makumbusho ya kale na hospitali, maadamu hayatumiwi kwa kazi ya kijeshi, hazikuitaja shule kwa jina lake katika orodha hiyo. Na elimu ilipotajwa mahali pengine katika kanuni zizo hizo, ilitajwa katika hesabu ya mali ambayo jeshi lililoteka nchi halina ruhusa ya kuinyakua. Mkataba wa Geneva wa 1949 uliongeza kwamba jeshi linaloikalia nchi ya wengine lina wajibu wa kuzisaidia taasisi za kulea na kusomesha watoto ziendelee na kazi yake. Ilipofika 1977 ndipo neno lenyewe likaandikwa waziwazi: Itifaki ya Kwanza ya mikataba ya Geneva ilisema kwamba ikitokea shaka kama nyumba ya ibada, maskani ya watu au shule inatumiwa kwa vita au haitumiwi, basi na ichukuliwe kuwa haitumiwi. Shaka, ambayo vitani humponza mnyonge, iliamriwa sasa imzuie mwenye bunduki na kumpa nafuu mwenye daftari. Lakini itifaki hiyo iliandikiwa vita vya dola na dola, ilhali vita vya kaskazini ya Uganda vilikuwa vya wenyewe kwa wenyewe. Na waliokuja Aboke hawakuwa na shaka hata chembe, kwani walijua vema kuwa jengo lile ni shule, na ndiyo sababu ya kulijia.

Kulipokucha, Sista Rachele Fassera, Mwitalia aliyekuwa naibu wa mkuu wa shule, alizifuata nyayo zao porini akiandamana na mwalimu mmoja, wote wawili wakiwa hawana silaha. Alipowafikia, alimsihi kamanda awarudishe wasichana wote, na kamanda akainama, akaandika hesabu yake mavumbini: wasichana ni 139, anamrudishia 109, anabaki na 30. Sista alijitoa abaki yeye badala yao, asikubaliwe. Ndivyo ilivyokuwa kwamba kile ambacho chuma hakikukiweza na askari hawakuwapo kukifanya, kilifanywa kwa sehemu kubwa na mwanamke aliyekwenda kwa miguu. Lakini sehemu iliyobaki ilikuwa roho 30.

Wazazi wa wale waliobaki waliungana, wakapiga mbiu hata ikasikika nje ya Afrika. Mmoja wao, Angelina Atyam, alipoletewa habari kwamba binti yake ataachiliwa peke yake iwapo atanyamaza, alikataa, akataka watoto wote; naye 1998 akatunukiwa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Sauti yao iliikuta dunia ikiwa imekwisha kuwekewa hoja mezani, kwa maana ripoti ya Graça Machel kwa Umoja wa Mataifa juu ya athari za vita kwa watoto ilikuwa imetoka Agosti 1996, muda mfupi kabla ya Aboke. Machel hakuyaandika mambo ya shule vitani kwa kusimuliwa. Alipata kufanya kazi katika shule ya sekondari ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, huko Bagamoyo, Tanzania, ambako vijana wa nchi hiyo walisoma mbali na vita vya kwao, na baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Elimu wa nchi ambayo shule zake zilichomwa na waasi wa RENAMO. Alishikilia kwamba masomo yahesabiwe katika misaada ya dharura, sawa na chakula na dawa, wala si neema ya kungojea siku ya amani.

Tangu hapo sharia ilikaza mwendo. Mkataba wa Roma wa 1998, uliounda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, uliyaingiza majengo ya elimu miongoni mwa yale ambayo kuyashambulia kwa makusudi ni uhalifu wa kivita. Na 2011 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kwamba wenye kushambulia shule na hospitali waandikwe majina katika taarifa ya kila mwaka ya Katibu Mkuu. Hata hivyo Aprili 2014, huko Chibok, Nigeria, wasichana 276 walichukuliwa kutoka shuleni kwao, na ulimwengu ukaona tena yaliyotokea Aboke, kwa idadi kubwa zaidi.

Lililokuwa halijasemwa vya kutosha ni habari ya askari wenyewe. Jeshi lipitapo mahali, jengo linalolivutia aghalabu ni shule, kwa sababu lina paa, lina kuta, lina maji, lina uwanja mpana, na liko kando ya njia. Na askari akilala humo usiku mmoja, adui hupata hoja ya kulipiga siku nyingi, awe askari huyo ni wa serikali au wa waasi, mwema au mwovu. Kwa hiyo tarehe 29 Mei 2015, mjini Oslo, dola 37 zilitangaza Azimio la Shule Salama, zikaahidi kuufuata mwongozo unaowataka wapiganaji wasizitumie shule kwa kazi zao, tena unaoshauri kwamba hata ulinzi wa shule usiwekwe mikononi mwa majeshi ya vita ila pale ambapo haipatikani njia nyingine. Masista wa Aboke waliotazamia askari hawakukosea, kwa kuwa hawakuwa na mlinzi mwingine. Wala mwongozo haukukosea, kwa kuwa bunduki inayolinda mlango wa darasa ndiyo hiyo hiyo inayoligeuza darasa kuwa ngome. Azimio hilo si mkataba wa kisharia bali ni ahadi ya kisiasa, na dola zilizoitoa sasa zapita 100, ikiwamo Kenya, iliyojiunga mwaka ule ule ambao watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili.

Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Dominic Ongwen, aliyekuwa kamanda wa LRA, na baadaye ikamhukumu kifungo cha miaka 25. Majaji walilitamka wazi jambo ambalo halikumwondolea hatia, nalo ni kwamba mtu huyo alitekwa na waasi hao hao akali mtoto, njiani akienda shuleni. Shule isiyolindwa leo huwapatia vita askari wa kesho.

Na ibra ya mlango wa chuma haijapitwa na wakati. Juni 2023, katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, karibu na mpaka wa Uganda na Kongo, waasi wa ADF walikuja usiku. Wavulana wakajifungia bwenini, na bweni likatiwa moto. Waliokufa katika shambulio hilo walizidi 40, wengi wao wanafunzi.

Wa mwisho kurejea miongoni mwa wale 30 wa Aboke alirejea 2009, zaidi ya miaka 12 tangu usiku ule, na wengine hawakurejea. Sharia iliyoanza kwa kuhesabu majengo imejifunza polepole kuhesabu watoto, wala haijafika bado kwenye hesabu ya Sista Rachele, ambaye, alipoandikiwa 109 mavumbini, hakuacha kuwaulizia wale 30.