Majina Yabadilikayo na Vitabu vya Usharika

Katika sura ya pili ya kitabu cha Ezra twasoma habari za jamaa mmoja wa makuhani waliorudi kutoka uhamishoni Babeli. Babu yao alikuwa ameoa binti wa Barzilai Mgileadi, naye akaitwa kwa jina la wakwe zake. Wazao wake walipolitafuta jina lao katika orodha ya nasaba hawakuliona, wakaondolewa katika ukuhani mpaka apatikane kuhani wa kuuliza kwa Urimu na Thumimu. Ezra hasemi waziwazi kwamba jina lile jipya ndilo lililowapoteza. Hata hivyo, kila aliyewahi kufuatilia nasaba ya ukoo wake atafahamu jinsi jambo kama hilo liwezavyo kutokea.

Katika makala hii fupi twataka kuonyesha kwamba jina kubadilika mara nyingi si udanganyifu wala uzembe. Kila badiliko lina sababu yake, na aijuaye sababu aweza kulivuka. Mifano yetu tutaitoa katika historia ya Walutheri wenyewe.

Tuanze na walimu wetu wa kwanza. Jamaa ya Martin Luther waliliandika jina lao Luder. Yeye mwenyewe, yapata mwaka 1517, alianza kutia sahihi Luther, na kwa muda alijiita pia Eleutherius, jina la Kiyunani lenye maana ya mtu aliye huru. Mwenzake Philipp Melanchthon alizaliwa mwaka 1497 akiitwa Schwartzerdt, yaani udongo mweusi. Reuchlin, mtaalamu wa lugha aliyekuwa jamaa yake, alilifasiri jina hilo kwa Kiyunani. Atakayemtafuta Melanchthon miongoni mwa babu zake kwa jina hilo hatamwona hata mmoja.

Huko Uswidi mambo yalikuwa magumu zaidi. Watu wengi wa kawaida hawakuwa na jina la ukoo lenye kudumu. Mwana wa Anders aliitwa Andersson, na dada yake Andersdotter, yaani binti wa Anders, naye aliendelea kuitwa hivyo hata baada ya kuolewa. Basi ndugu wa tumbo moja walikuwa na majina mawili, na watoto wao wakapata mengine.

Tutazame ukoo mmoja wa kichungaji. Ingemar Bengtsson alimzaa Nils Ingemarsson. Nils alipokwenda kusoma katika chuo kikuu cha Lund alihitaji jina la kisomi, akajiita Linnaeus kwa ajili ya mti mkubwa uliosimama katika shamba la jamaa zake, mti uitwao kwa Kiswidi lind. Kwa mapokeo ya ukoo huo, jamaa wengine walitoa katika mti ule ule majina ya Tiliander na Lindelius. Nils akawa mchungaji wa Stenbrohult. Mwanawe Carl, aliyezaliwa mwaka 1707, ndiye mtaalamu mashuhuri wa mimea, ambaye baadaye alipewa cheo cha heshima akaitwa von Linné. Vizazi vitatu, majina manne. Lakini damu ni moja.

Kuna pia hatari iliyo kinyume cha hiyo. Askari wa Uswidi walipewa majina mafupi ya kijeshi, kama Rask, yaani mwepesi, au Modig, yaani shujaa. Askari alipokufa au kustaafu, mara nyingi aliyeshika nafasi yake katika kibanda kile kile alipewa jina lile lile. Hivyo watu wawili wa jina moja na makao mamoja wangeweza kuwa wasio na udugu wowote.

Je, watafiti hupitaje katika msitu huu? Husaidiwa na kalamu ya wachungaji. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1686 iliwaagiza waandike ubatizo, ndoa na maziko, pamoja na watu waliohamia na kuhama. Vilikuwapo pia vitabu vya kuwapima watu katika Katekisimo, vilivyopangwa kwa mashamba na nyumba. Kwa hiyo mtafiti hafuati jina la mwisho peke yake. Hufuata mahali, siku ya kuzaliwa, wazazi na wasimamizi wa ubatizo. Mambo hayo yakipatana, jina lililobadilika halimzuii tena.

Wasomaji wetu wa Tanzania watakuwa wamekwisha kujitambua. Kwetu pia mtu hufuatisha jina la baba yake, na pengine la babu. Kwa hiyo jina la mwisho husogea kila kizazi. Mzee aliyebatizwa Yohana watoto wake huitwa kwa jina la Yohana, na jina alilopewa na wazazi wake likasahauliwa. Mtoto mmoja huandikwa shuleni kwa jina la babu, nduguye kwa jina la ukoo. Tena tahajia ilibadilika: Wajerumani waliandika Moschi na Dschagga pale tuandikapo Moshi na Chagga, na majina ya watu yaliandikwa kwa mtindo huo huo.

Jambo hili si la udadisi tu. Mchungaji atangazaye ndoa hana budi kujua kama wachumba ni ndugu. Mjane na yatima huja ofisini kutafuta ushahidi wa urithi wao. Basi yatupasa, tunaposhika kitabu cha ubatizo, tuandike jina la zamani na jipya, majina ya baba na mama, ukoo, kijiji na wasimamizi. Wala jina la kwanza lisifutwe pale linapobadilishwa. Wana wa Barzilai walihitaji Urimu na Thumimu. Wana wa usharika wetu wanahitaji mstari mmoja tu, ulioandikwa kwa uangalifu.