Zahanati ya Ithnasheri: Jengo la Hisani Mbili

Wapenzi wa filamu wanaofika Ngome Kongwe, katika Mji Mkongwe wa Unguja, kwa maonyesho ya jioni ya tamasha la ZIFF, mara nyingi huwa na saa nzima ya kupoteza kabla giza halijaingia. Anayeitumia kutembea Barabara ya Mizingani, akiyapita makasri ya Masultani na Mti Mkubwa, hujikuta mbele ya jengo refu linalotazama bandari: roshani za mbao zilizochongwa nakshi, vioo vya rangi, kuta za chokaa zenye mapambo. Asiyelijua hudhani ni kasri jingine. Kumbe lilikusudiwa liwe hospitali ya maskini.

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria wa Uingereza. Mfadhili alikuwa Tharia Topan, Khoja wa madhehebu ya Ismailia aliyetoka Kutch, India, tangu utotoni. Alipata utajiri Unguja, akakabidhiwa ukusanyaji wa ushuru wa forodha enzi za Sultani Barghash, na akawakopesha mitaji wenye misafara ya bara, akiwamo Tippu Tip. Nyuma ya hisani yake, basi, kuna pembe za ndovu na jasho la waliozibeba hadi pwani. Topan alifariki mwaka 1891. Jengo likakamilika 1894 bila yeye.

Hospitali yake haikufunguliwa. Mwaka 1900 jengo lilinunuliwa kwa mali ya wakfu ya mfanyabiashara mwingine wa Kihindi, Haji Nasser Nurmohamed, Khoja wa madhehebu ya Ithnasheri. Chini ikawekwa zahanati, juu pakawa makazi. Nia ya marehemu mmoja ikatimizwa kwa fedha za mwingine, na ni zahanati hiyo iliyolipa jengo jina linalotumika hadi leo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 lilikuwa mikononi mwa serikali, likachakaa. Upepo wa chumvi, mvua za masika na mchwa havina huruma na mbao. Miaka ya 1990 Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ulilikarabati, mafundi wakairudisha nakshi iliyokuwa ikimomonyoka, likafunguliwa upya kama kituo cha utamaduni.

Thamani ya kazi ile ilionekana zaidi tarehe 25 Desemba 2020, pale sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililo jirani na Ngome Kongwe, ilipoporomoka na kuua watu wakati ukarabati ukiendelea. Anayejenga huwekewa jiwe la msingi na sherehe juu yake. Anayebadilisha boriti iliyooza hasherehekewi na mtu, ilhali bila yeye zahanati hii isingefika karne ya pili. Mji Mkongwe una wajenzi wengi wa kukumbukwa. Unachohitaji sasa ni bajeti ya kila mwaka ya chokaa, mbao na dawa ya mchwa.