Mchango wa Mtoto Mchanga

“Mtoto ana mchango.” Hivyo ndivyo atakavyosema bibi wa Kilwa Kivinje mjukuu akilia tangu magharibi, miguu kaikunja tumboni, uso umemwiva, vingumi kavikaza. Madaktari huiita hali hiyo koliki, kutokana na jina la Kigiriki la utumbo mpana. Wafasiri wetu wameiita msokoto wa tumbo, wengine gesi tumboni, wengine riahi. Naona tafsiri hizo zina kasoro moja: kila moja inataja sababu ambayo bado haijathibitishwa.

Kitabibu, koliki ya watoto hupimwa kwa kilio. Mwaka 1954 daktari wa Marekani Morris Wessel na wenzake waliweka kipimo cha tatu tatu: mtoto mwenye afya, anayenyonya na kukua vizuri, analia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Kilio hicho huanza wiki za mwanzo, hupamba moto karibu na wiki ya 6, kisha hupungua chenyewe kwenye mwezi wa 3 au wa 4. Hewa ipo tumboni, hilo ni kweli, lakini mtoto anayelia huimeza kwa wingi. Tumbo lililojaa laweza kuwa limeletwa na kilio chenyewe.

Neno la bibi lina nguvu kwa sababu kila mama wa pwani, toka Somanga hadi Mchinga, analielewa bila kufundishwa. Udhaifu wake ni upana. Mchango, au chango, ni utumbo mwembamba, ni minyoo, ni maumivu ya tumbo, na wanawake wana chango la uzazi. Neno pana namna hiyo huweza kuficha ugonjwa mwingine, na pwani hii ina malaria. Kwa hiyo napendekeza kilio cha mchango kwa ile hali ya Wessel peke yake: kinataja kile kinachoonekana na kusikika, na kinabaki na neno la wenyewe. Msokoto tuuachie maumivu ya mtu anayeweza kueleza yanavyomkata.

Kwa hewa yenyewe hatuhitaji istilahi mpya, maana tuna kitenzi kizuri, kucheua. Kumcheulisha mtoto ni kumweka wima begani baada ya kunyonya, kichwa kimeshikiliwa, mgongo unapapaswa taratibu. Akiwa wima, hewa hupanda juu ya maziwa na kupata njia ya kutokea mdomoni. Mtoto aliyeshika chuchu peke yake, bila sehemu kubwa ya weusi wa titi, humeza hewa zaidi, basi mama aanze na mkao wa kunyonyesha. Mtoto akiwa macho, alazwe kifudifudi mapajani, au miguu yake ichezeshwe kama anayeendesha baiskeli. Mlezi akizidiwa, amlaze chali mahali salama au ampokeze mwingine. Kumtikisa mtoto kwa nguvu kunaweza kuumiza ubongo.

Dawa zinauzwa, nami sizipendekezi. Maji ya Woodward's yalianza Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, na kwa miaka mingi yalikuwa na pombe ndani yake. Simethikoni, dawa ya kuvunja mapovu ya hewa, ilipojaribiwa haikushinda dawa ya kuigiza isiyo na tiba ndani yake. Tena mwongozo wa lishe uko wazi: miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama pekee, na hapo dawa za mizizi ya kuchemsha nazo hazina nafasi.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, matapishi ya kijani, damu kwenye choo, utosi uliovimba au kubonyea, kukataa titi, degedege: hata moja tu ya hizo si mchango. Ewe mama au bibi unayemkimbiza mtoto Hospitali ya Kinyonga, hapo Kilwa Kivinje, ukifika mlangoni acha kusema mchango. Sema kama ana homa, imeanza lini, na kama ananyonya.